Nani Hayupo: Maisha ya Mwalimu Atsede Dagnew wa Bichena

Asubuhi ya tarehe 21 mwezi wa Hidar, mwaka 1938 kwa hesabu ya miaka yetu, Merigeta Dagnew Aweke, mwalimu wa mashairi ya kanisa, alikuwa juu ya paa la kibanda cha wanafunzi wake nje kidogo ya mji wa Bichena, anafunga nyasi mpya, pale vigelegele vilipoanza kusikika kutoka nyumbani kwake, naye akashika fito kwa mkono mmoja akaanza kuvihesabu, maana vya mtoto wa kiume huwa vingi na vya mtoto wa kike huwa vichache, vikapita vile vichache, vikaendelea tu, akawatangazia wanafunzi waliokuwa chini kwamba amepata mtoto wa kiume, akateremka akiwa ameshamchagulia na jina, akafika nyumbani akakuta ni binti. Dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga vile vigelegele, akamwambia, "Kaka, nimefurahi nikasahau kuacha, sasa utanishtaki?" Mtoto huyo ndiye Mwalimu Atsede Dagnew, ambaye leo tarehe 5 Yekatit 2011 tumekuja kumzika hapa kanisani, naye mwenyewe alipenda kusema kwamba mtu wa kwanza kumsoma vibaya alikuwa baba yake mzazi, na wakati huo yeye hakuwa na hata saa moja duniani.

Alikuwa mtoto wa nne wa Merigeta Dagnew na Bi Yeshi Tessema, na masomo yake yalianzia nje ya kibanda kile, maana ndani walikaa wavulana peke yao, wakijifunza mashairi ambayo kwa nje yana nta na kwa ndani yana dhahabu, yaani maana iliyofichwa, na aliyeshindwa kuiona dhahabu aliambiwa akalale na shairi lake hadi kesho yake, na Atsede alikuwa anakaa ukutani upande wa kivuli akichambua dengu na kujibu kwa sauti ya chini, mpaka siku moja Merigeta aliuliza swali, darasa likanyamaza, na jibu likaja kutoka kwenye dengu. Merigeta alijifanya hakusikia, ila jioni alimwambia mkewe, "Huyu akibaki hapa atanimalizia wanafunzi," na mwezi wa Meskerem 1946 akamwandikisha mwenyewe katika shule ya serikali ya Bichena, ambako alisoma hadi mwaka 1953, akaendelea na sekondari huko Debre Markos, kisha akaingia chuo cha ualimu cha Debre Berhan mwaka 1955 na kuhitimu mwezi wa Sene 1957.

Alianza kazi mwezi wa Meskerem 1958 katika shule ileile aliyosoma, baadaye akahamia sekondari ya hapahapa Bichena, na kwa muda wote huo hadi alipostaafu mwaka 1995 alifundisha jambo moja, kusoma, na alilifundisha kwa sentensi ambayo kila mtu mwenye umri wa kutosha hapa mjini anaijua, "Bwana alirudi kutoka sokoni na kamba tupu mkononi." Aliiandika ubaoni siku ya kwanza ya kila mwaka, akauliza, "Andiko limesema nini?" wakajibu kwamba bwana amerudi na kamba, akauliza, "Na limedokeza nini?" hapo ndipo kelele zilipoanza, mmoja aliona kwamba ng'ombe ameuzwa, mwingine kwamba ng'ombe amekufa njiani, na Ato Gashaw, ambaye sasa ni mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, akiwa mtoto wa miaka kumi alisimama akasema bwana yule amelewa ng'ombe mzima, na Mwalimu alimpa alama kwa sababu, alisema, sokoni mambo hayo yapo.

Familia haitasema kwamba alikuwa mpole, kwa kuwa waliosoma kwake wamejaa hapa na wangecheka msibani. Alikuwa mkali, alikuwa na chaki yenye shabaha, na katika miaka ile ya mwanzo alikuwa pia na majivuno, kwa sababu watu aliwasoma kama alivyosoma vitabu, akimwona mwanamke anavyopokea kikombe cha kahawa alijua kuwa ana mimba, akimsikia mzazi anavyobisha hodi alijua kuwa amekuja kuombea mtoto aliyefeli, na darasani alama nyingi zilimwendea yule aliyeona mbali zaidi ya mstari, hata kama mstari wenyewe haukumtuma huko.

Tarehe 15 Tir 1961 alifunga ndoa na Ato Mekuria Zeleke, fundi cherehani wa hapa sokoni, mtu wa maneno machache, ambaye alipoulizwa amewezaje kuishi na mwanamke anayeelewa hata lisilosemwa, alijibu kwamba imemwondolea kazi ya kusema. Walijaliwa watoto wanne, Shiferaw mwaka 1963, Hirut mwaka 1965, Getnet mwaka 1968 na Mihret mwaka 1972, na kila jioni sinia likishawekwa, kabla ya mkono wowote kugusa mkate wetu wa injera, Mwalimu aliuliza, "Nani hayupo?" akawahesabu kwa macho, na kama mmoja yuko kisimani au anacheza, wote walisubiri na njaa yao.

Mwezi wa Hidar 1982 Shiferaw alichukuliwa jeshini akapelekwa kaskazini vitani, na tangu siku hiyo swali la jioni lilikuwa na jibu lilelile, Mwalimu akawa anakata kipande cha injera, anakiweka ukingoni mwa sinia upande wa Shiferaw, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa hadi wengine wamalize. Vita vilikwisha tarehe 20 Ginbot 1983, askari wakaanza kurudi kwa miguu, wawili wawili, wamevaa magunia, wengine wakifika mlangoni kwao na wengine ikifika habari yao tu, na kila mtu hapa anajua habari hiyo inavyoletwa kwetu, hailetwi mchana wala haitamkwi moja kwa moja, watu wazima huja alfajiri mfiwa akiwa bado nyumbani, wamejifunika mashuka meupe, wanasimama, wanazunguka na maneno, mpaka mwenyewe anaelewa.

Alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Sene 1983, Ato Mekuria akiwa ameshatangulia kanisani, Mwalimu alikuwa anapuliza moto wa kahawa alipofungua mlango akawakuta wazee watatu wamejifunika mashuka meupe, akawakaribisha wakakataa kukaa, akawakaribisha kahawa wakaikataa, na mkubwa wao, Ato Biadglign, akakohoa, akatazama chini, akasema, "Mwalimu, jambo lililotuleta si dogo, afadhali wewe ukae." Mwalimu hakungoja jingine, aliangusha pepeo, akapiga yowe lililofika hadi sokoni, akajipiga kifua akimwita Shiferaw kwa jina, majirani wakaruka nyua, Hirut akatoka ndani akajikwaruza uso wote kwa kucha, mpiga baragumu wa chama akapita mitaani kutangaza msiba, na kabla jua halijakausha umande vijana walikuwa wamechimba mashimo ya hema na kina mama wameinjika mchuzi wa shiro. Ato Biadglign alikuwa akipaza sauti, "Jamani, hajafa mtu! Nisikilizeni!" ila kina mama walimshika mikono wakambembeleza, "Lia, baba, lia, usijizuie," na kwa kuwa wote wanalia na yeye ni mtu mzima mwenye huruma, naye akaanza kulia.

Ato Mekuria alifika mbio kutoka kanisani, viatu mkononi, akapita katikati ya watu hadi kwa mkewe, akamuuliza neno moja, "Nani kasema?" na Mwalimu akafungua mdomo amjibu, akatafuta, akaangalia mlango, akaangalia mashuka meupe, akaangalia kahawa iliyokataliwa, na hakupata mtu aliyesema. Akajifuta uso kwa pindo la nguo, akamgeukia Ato Biadglign akamwambia, "Mzee, umekuja kusema nini?" na mzee, machozi bado yanamtiririka, akanyoosha shuka lake akasimama sawasawa na wenzake, akasema, "Tumekuja kuomba mke. Kijana wetu Engidaw anamtaka Hirut. Tumesimama kwa sababu mchumba haombwi mtu amekaa, Mwalimu, wewe unajua hilo kuliko sisi!" Na kwa nini alfajiri? "Tuliogopa mtaenda kanisani, na sisi wenyewe tunaenda huko, ndiyo maana ya mashuka na kukataa kahawa!"

Kicheko kilichofuata waliokuwepo wanakikumbuka hadi leo, na mwenyekiti wa chama wa wakati ule akatangaza kwamba hema likishasimamishwa halikunjwi bila watu kula ndani yake, kanuni hairuhusu, hivyo shiro ya msiba ikaliwa kwenye posa, mpiga baragumu akapita tena kuondoa maneno yake, na Engidaw alipoitwa akamkuta mchumba wake ana mistari minne kila shavu, akasema atamchukua hivyohivyo. Wako hapa wote wawili, miaka ishirini na saba ya ndoa, na mashavu yalipona.

Ila jioni ya siku hiyo, watu walipokwisha kuondoka, majirani wawili walibaki wakimwambia Mwalimu kwa upole kwamba yowe la namna ile halitoki bure, mama huwa anahisi, afadhali ajiandae, na Mwalimu, ambaye asubuhi alimlilia mwanawe kwa neno ambalo hakuna aliyelisema, aliwajibu, "Hakuna aliyesema kwamba amekufa, na hakuna aliyesema kwamba yu hai, nami sitaongeza la kwangu tena," akakata kipande cha injera akakiweka ukingoni mwa sinia kama kawaida.

Ilikuwa hivyo hadi tarehe 16 Nehase mwaka uleule, siku ya kufungua mfungo wa Mariamu, Mwalimu akiwa jikoni ameshamimina injera kwenye kikaango, jirani yake Bi Tangut akaingia akihema, na kwa kuwa kwetu hata furaha ikija ghafla huaminiwa kuwa inaweza kumwangusha mtu, akaanza kuzunguka, "Mwalimu, umeshakula? Keti kidogo basi. Leo jua limewaka, eh?" Mwalimu akamtazama, akasema, "Tangut, mimi sisomi leo. Sema lililopo." Bi Tangut akasema, "Shiferaw yuko kituo cha basi. Anakunywa chai. Anaogopa kuja maana ni mchafu." Injera ile iliungua ikawa mkaa, na ndiyo injera pekee ambayo Mwalimu Atsede aliiunguza maishani mwake, na jioni hiyo alipouliza nani hayupo, hakuna aliyemjibu, kwa sababu wote walikuwa midomo imejaa, hawakumsubiri.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa Meskerem 1984, Mwalimu aliandika sentensi ya kamba kama miaka yote, kisha akaifuta, akaandika kisa cha wazee watatu, akaugawa ubao sehemu tatu badala ya mbili, lililosemwa, lililodokezwa, na ulilolileta mwenyewe, akawauliza wanafunzi wapange. Wazee walisimama, hilo wakaliweka kwenye la kwanza. Wana jambo zito, wakaliweka kwenye la pili. Shiferaw amekufa, wakaangalia madaftari yao wakimwogopa, mpaka msichana mmoja nyuma akasema, "La tatu, Mwalimu, ulilileta wewe," naye akamwambia, "Kaa, umefaulu," na tangu mwaka huo hakumpa alama mtu aliyeona mbali bila kuonyesha neno lililomfikisha huko. Alisema kutoona lililodokezwa ni uvivu, na kuona lisilokuwepo ni woga, na vyote viwili aliviadhibu kwa kufagia darasa.

Wanafunzi wake wamekuwa mahakimu, wauguzi, madereva, mapadri na mama zetu wa sokoni, na hakimu mmoja aliyepo hapa ameomba isemwe kwamba hajawahi kumhukumu mtu bila kujiuliza lile swali la sehemu ya tatu. Mwalimu alipostaafu mwezi wa Sene 1995, walimu wenzake walichanga wakamnunulia saa ya ukutani, na wanafunzi wakamletea kamba tupu, wameisuka wenyewe, wakaikabidhi bila hotuba, naye akaipokea akasema, "Kwa hiyo mmeniuza," akaitundika sebuleni juu ya ile saa, na ipo mpaka leo.

Ato Mekuria alifariki tarehe 7 Megabit 1999, na Mihret wakati huo alikuwa Djibouti akifanya kazi ya upishi hotelini, basi kwa kufuata desturi, na kwa kumhurumia kwa kuwa yuko peke yake, hakuambiwa, alidanganywa kwenye simu kwamba baba amesafiri, baba amelala, baba ana mafua, hadi siku arobaini zikapita, ndipo jamaa wa huko wakamwendea alfajiri na mashuka meupe, na alipofika Bichena alikuta kaburi limeshaota nyasi. Mihret alimwambia mama yake mbele yetu sote, "Wewe umewafundisha watu wa mji mzima kusoma, mimi umenificha kitabu."

Alianza kuugua kisukari mwaka 2003, akakivumilia kwa ukaidi na kwa kahawa isiyo na sukari, na mwezi wa Tikimt mwaka huu wa 2011 moyo wake ukaanza kuchoka, akapelekwa hospitali ya mkoa, ambako daktari kijana alipitia vipimo akasema, "Mama, tutaendelea kuangalia, tumwachie Mungu," naye Mwalimu akamwuliza, "Mwanangu, hapo umesema nini na umetaka nielewe nini?" Daktari akavuta kiti, akamweleza waziwazi kwamba moyo hautapona na kwamba ni suala la miezi, Mwalimu akamshukuru, akamwuliza alisoma wapi, akasikitika kwamba si Bichena. Aliporudi nyumbani alimwita Ato Gashaw, mwenyekiti wa chama, pamoja na wanawe, akasema kwamba siku yake ikifika Mihret, aliyekuwa bado Djibouti, aambiwe saa ileile, kwa simu, kwa neno lenyewe. Ato Gashaw alishtuka, akasema, "Mwalimu, binti ataanguka huko peke yake, watu watatusema, tangu lini kifo kikapigiwa simu?" naye akamjibu, "Gashaw, wewe ulisema mtu kalewa ng'ombe mzima na nikakupa alama. Unanidai nini tena?" Mwenyekiti akakubali, ingawa hadi jana alikuwa bado anatikisa kichwa.

Mwalimu Atsede Dagnew alifariki alfajiri ya tarehe 3 Yekatit 2011 nyumbani kwake, usingizini, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na kabla baragumu halijapigwa Hirut alimpigia ndugu yake simu akamwambia, "Mihret, mama amefariki leo alfajiri. Hakuna aliyekuficha kitu. Kunywa maji, halafu tafuta ndege." Mihret akauliza, "Umelisema lote?" akaambiwa, "Lote," akalia kidogo, akauliza kama yule kuku mweupe wa mama bado anataga, na akakata simu aende kutafuta tiketi.

Familia inamshukuru daktari kijana aliyekubali kusema, wauguzi waliomwangalia Mwalimu na kumvumilia akiwasahihisha maandishi yao, Bi Tangut ambaye miezi hii minne amelala nyumbani kwetu zaidi kuliko kwake, walimu wa shule zote mbili, mapadri wetu, na chama cha kufa na kuzikana kwa hema, mabenchi na masufuria, na sufuria mbili kubwa zenye rangi nyekundu kwenye vifuniko si za chama, mwenyewe azifuate kesho.

Mihret alifika jana jioni, viatu vyeupe kwa vumbi la njiani, akaingia kwa mama yake akakaa naye kadiri alivyotaka, hakuna aliyemharakisha, kisha akatoka, chakula kikaandaliwa hemani, injera na shiro na dengu, na Shiferaw, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, akanawa mikono, akasimama penye ukingo wa sinia akauliza, "Nani hayupo?" Tukatazamana, yeye mwenyewe, Hirut na Engidaw, Getnet, wajukuu tisa, Bi Tangut, mwenyekiti Gashaw akiwa na shuka lake jeupe, na Mihret ndiye aliyejibu, "Wote tupo. Mwenye swali yuko ndani. Kaeni tule."

Tukala. Mwalimu, hili hatukudokezei, tunakwambia waziwazi mbele ya watu wote hawa: watoto wako wanne wamefika, hakuna aliyebaki njiani, hakuna kipande kilichobaki ukingoni mwa sinia, nawe sasa pumzika kwa amani.